Kereng'ende wa Misitu ya Pwani na Suala la Uainishaji

Neno kereng'ende hubeba maana mbili katika Kiswahili. Kwanza ni mdudu mwenye mwili mwembamba na mabawa manne maangavu, apendaye kurukaruka juu ya vidimbwi. Pili ni ndege wa jamii ya kwale. Kisarufi hakuna tatizo, kwani wote wawili wamo katika ngeli ya A-WA na muktadha humwelekeza msikilizaji. Kibayolojia, hata hivyo, jina hilo pekee halitoshi. Ajabu ni kwamba hata istilahi ngeli yenyewe ina makao mawili: wanasarufi huitumia kwa makundi ya nomino, ilhali katika bayolojia hutajia kiwango cha uainishaji kilicho kati ya faila na oda.

Kereng'ende mdudu ni wa oda ya Odonata, jina lililobuniwa na Fabricius mwaka 1793 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya jino, kwa ajili ya taya zake kali. Oda hii ina matapo mawili makuu. Anisoptera ni wanene na hutandaza mabawa wanapotua. Zygoptera ni wembamba na aghalabu huyakunja mgongoni. Kiswahili huwaita wote kereng'ende, na hapo ndipo mfasiri wa kitabu cha sayansi hukwama.

Miongoni mwa Zygoptera yumo Coryphagrion grandis, aliyefafanuliwa kisayansi na Morton mwaka 1924. Jenasi yake ina spishi hii moja tu. Hupatikana katika misitu ya pwani kuanzia Kenya, kupitia Tanzania, hadi Msumbiji. Nchini Kenya anajulikana katika msitu wa Shimba Hills, Kaunti ya Kwale (ambayo, kwa sadfa, jina lake ni lile lile la ndege aliyetajwa hapo juu). Kinyume na kereng'ende wengi wanaozaliana mitoni na madimbwini, lava wa spishi hii hukulia katika maji ya mvua yaliyotuama ndani ya matundu ya miti.

Uainishaji wake uliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Baadhi walimweka katika familia ya Megapodagrionidae. Wengine walimpa familia yake mwenyewe, Coryphagrionidae. Kilichotatiza zaidi ni kwamba kwa ukubwa wa mwili na kwa desturi ya kuzaliana katika matundu ya miti, alifanana mno na kereng'ende wa familia ya Pseudostigmatidae, ambao makao yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mmoja wao, Megaloprepus, ana mabawa yanayoweza kufikia upana wa sentimita 19 kutoka ncha hadi ncha. Mwanafunzi wa isimu linganishi analifahamu vyema swali lililozuka: vitu viwili vikifanana huku vikitenganishwa na bahari, je, vina asili moja, au ni mazingira tu yaliyovifinyanga vikafanana?

Mwaka 2007, Groeneveld, Clausnitzer na Hadrys walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi ulioonyesha kwamba asili ni moja. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mababu wa kereng'ende hawa waliishi katika bara kuu la kale la Gondwana, kabla ya Afrika na Amerika ya Kusini kutengana yapata miaka milioni 100 iliyopita. Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2014 Dijkstra na wenzake walipozipanga upya familia za Zygoptera, Pseudostigmatidae nzima iliingizwa katika familia pana ya Coenagrionidae. Mdudu hakubadilika hata kidogo. Ni daftari lililoandikwa upya.

Kinachobadilika ni msitu. Mti huhitaji umri ili upate tundu la kukinga maji, na miti mikongwe ndiyo huvutia msumeno wa mpasua mbao. Ikikatwa na kupandwa michanga mahali pake, msitu huonekana kijani kama zamani, lakini lava hana pa kukulia.

Lipo pia suala la jina la Kiswahili. Istilahi kama "kereng'ende-tundu" yaweza kubuniwa mezani kwa dakika moja. Ila kabla ya kubuni, ingefaa kwanza waulizwe wazee wa Kidigo na wa Kiduruma wanaopakana na msitu huo wanamwitaje.