Kakodisha mikarafuu, kumbe mtoto!

Nilikuwa Wete nasubiri gari ya Chake, mara nikasikia zogo barazani. Mzee mmoja kashika karatasi, mkono unamtetemeka kwa hasira. "Kasaini mwenyewe! Leo wananifukuza shambani!"

Kisa chenyewe hiki. Kijana wa miaka 16, yatima, karithi mikarafuu ya babake. Mzee kaikodi kwa msimu mmoja, kalipa taslimu, karatasi ikaandikwa. Kijana fedha kanunulia simu. Msimu ulipofika, ami yake akaja na wachumaji wake. "Mtoto hakodishi," akasema.

Msomaji, mimi nilimhurumia mzee. Karatasi si ipo? Niliporudi Chake nikamuuliza rafiki yangu wakili. Akacheka.

"Karatasi hiyo afungie karanga," akanambia. Sheria ya mikataba ya Zanzibar imetokana na ile ya India ya 1872, na humo asiyetimiza umri hana uwezo wa kufunga mkataba. Akanipa kisa cha Calcutta. Mwaka 1895 kijana aliweka rehani nyumba zake ili akopeshwe. Kesi ilifika hadi London, na mwaka 1903 ikaamuliwa kuwa mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo. Mkopeshaji rehani kaikosa, na fedha hakurudishiwa!

Mzee alijitetea, "Mbona keshabaleghe?" Hapo ndipo wengi tunapoteleza. Hata dini haikutosheka na baleghe peke yake. Suratun Nisaa inataka yatima apimwe, aonekane ana busara, ndipo akabidhiwe mali yake. Serikali nayo imeweka hesabu: Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamtaja aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto.

Sasa nani asaini? Mlezi anayetambulika kisheria. Ukiwa na shaka, nenda kwa Kadhi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, wanaoshughulikia mirathi. Kwenda huko ni nauli tu. Kudai fedha uliyompa mtoto ni kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Na wewe ami, usichekelee. Mikarafuu ile si yako. Ulichokabidhiwa ni ulezi, na kila kilo ikiuzwa ZSTC uiandike, kwani siku kijana akitimiza miaka yake atakuuliza. Nimewaona walezi waliojenga kwa mali ya yatima, na yatima wenyewe wakachuma vibarua katika mashamba ya baba zao.

Kisa cha Wete kiliishia kwa sheha. Ami alikubali kumrejeshea mzee fedha zake kidogo kidogo, kwa insafu tu, bila kulazimishwa. Mzee akashukuru, akaichana karatasi yake.

Kijana simu anayo. Siku ile hakuipokea hata mara moja.