Site tatu, minerval moja

Sisi ni ndugu wawili wa Kolwezi. Baba anachimba kobalti. Mudogo wetu alipata diplome, lakini minerval ya université haikukuwa. Akaanza kushuka na Baba mu shimo. Tukakataa. Tunajua kutengeneza site za intaneti, basi tukapiga hodi fasi kwa fasi: farmasi, garaji, restora. Muteja wa kwanza alipokea site yake, hakulipa hata franka. Tangu siku ile tunaomba nusu mbele, kwa M-Pesa, na tunamuonyesha kazi mu telefone yake mwenyewe. Tunatumika usiku, kuran ikirudi. Site tatu zimelipwa. Mudogo amejiandikisha Lubumbashi. Baba angali anashuka. Kwa hiyo tungali tunapiga hodi.