Fuzible ikiungua usiweke waya: kazi ya sanduku la umeme ndani ya gari

Mu miji yetu kama Goma na Bukavu, ni jambo la kawaida: taa za mbele za taksi zinazimika, shofere anafungua kapo, anatoa fuzible iliyoungua na kuweka kipande cha waya mahali pake. Taa zinawaka tena, safari inaendelea. Lakini kuanzia hapo, ile gari haina tena kitu cha kuilinda na moto.

Kila gari iko na sanduku la umeme. Mara nyingi moja liko chini ya kapo karibu na batri, na lingine chini ya tablo. Umeme wa batri unaingia humo na kugawanyika: njia ya taa, ya klaksoni, ya pampu ya mafuta, na kadhalika. Njia hizo zinalindwa na fuzible.

Ndani ya fuzible kuna uzi mdogo wa chuma. Umeme ukipita kiasi, ule uzi unayeyuka na njia inakatika. Kwa zile fuzible bapa za kawaida, rangi inaonyesha nguvu yake: nyekundu ni ampere 10, bluu 15, njano 20, kijani 30.

Na rele je? Ni vile visanduku vidogo, mara nyingi vyeusi, vilivyochomekwa kando ya fuzible. Taa mbili za wati 55 kila moja zinakula karibu ampere 9 kwa batri ya volti 12. Umeme huo wote ukipita mu swichi ya usukani, swichi itapata moto na kuharibika mapema. Kwa hiyo swichi inatuma umeme mdogo tu, chini ya nusu ampere, mu bobini ya rele. Bobini inageuka sumaku, inavuta kipande cha chuma, na umeme mkubwa unatoka kwa batri kwenda mu taa bila kupitia usukani. Ndiyo ule mlio wa "tak" unaosikika.

Kama taa haziwaki na fuzible ni nzima, fundi anaweza kubadilishana rele ya taa na ya klaksoni, ikiwa ziko na nambari na miguu sawasawa. Taa zikiwaka, ile rele ya kwanza ndiyo mbovu.

Lakini fuzible mpya ikiungua tena palepale, mara nyingi kuna waya uliochunika unaogusa bodi. Ukiweka kipande cha waya, ao fuzible kubwa kupita ile ya zamani, umeme hautakatika. Nyaya za gari ndizo zitapata moto, plastiki itayeyuka, na gari inaweza kuwaka abiria wakiwa ndani.

Basi shofere atembee na fuzible za akiba, za nambari ileile. Na ikiungua mara ya pili, asimamishe gari, atafute fundi wa umeme.