Ngawa wa Owston na Janga la Matanzi

Ngawa wa Owston hula zaidi minyoo ya ardhini. Usiku hutembea chini ya miti, akichokora udongo kwa pua yake ndefu. Ana mikanda myeusi mgongoni na madoadoa miguuni, na makazi yake ni misitu ya Vietnam, Laos na kusini mwa China. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka.

Kinachommaliza ni tanzi.

Mtegaji huchukua waya wa breki ya baiskeli au pikipiki, akaufunga kwenye mti mchanga aliouinamisha. Mnyama akikanyaga, mti hufyatuka na waya humkaza mguu. Matanzi hupangwa kwa safu, na katikati yake hujengwa ua mfupi wa matawi unaowalazimisha wanyama kupita penye mtego. Waya hauchagui: hunasa nguruwe mwitu, kakakuona na ngawa vilevile. Nyama huishia kwenye mikahawa ya mijini, ambako anayeiagiza hasukumwi na njaa bali na hadhi.

Ukubwa wa tatizo unatisha. Katika hifadhi za Hue na Quang Nam nchini Vietnam, zilizotengwa kwa ajili ya saola, mnyama adimu wa msituni, doria zilizoanza mwaka 2011 zimekwishaondoa matanzi zaidi ya 100,000. Mwaka 2020, shirika la uhifadhi la WWF lilikadiria kuwa hifadhi za Vietnam, Laos na Cambodia zina mitego milioni 12 hivi.

Tangu miaka ya 1990, ngawa hawa wamekuwa wakizalishwa katika kituo cha Hifadhi ya Taifa ya Cuc Phuong, na baadaye katika bustani za wanyama za Uingereza. Kazi hiyo inalinda mbegu tu. Kumwachia ngawa wa kizimbani katika msitu uliojaa nyaya ni kumpeleka machinjioni. Ndiyo maana kazi ya mhifadhi wa Vietnam Nguyen Van Thai, mshindi wa Tuzo ya Mazingira ya Goldman ya mwaka 2021, ni muhimu: aliunda kikosi cha doria katika Hifadhi ya Taifa ya Pu Mat; kati ya 2018 na 2020 kiling'oa mitego karibu 10,000.

Nyaya kama hizo hutegwa pia Udzungwa, nchini Tanzania, makazi ya kanu wa Lowe, jamaa ya ngawa aliyejulikana kwa ngozi moja ya mwaka 1932 hadi kamera ilipomnasa mwaka 2000. Kamera huthibitisha kwamba mnyama yupo. Anayemwokoa ni askari anayepita msituni kwa miguu akikusanya nyaya. Fedha za uhifadhi zianzie kwake.