Kuwatafuta Mababu Waliobaki Buganda

Tangu miaka ya 1920, Warundi wengi walivuka mpaka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya pamba, kahawa na miwa ya Buganda, nchini Uganda, wakikimbia kodi ya kichwa, kazi za shuruti na viboko vya utawala wa Wabelgiji, na baadhi yao hawakurudi tena. Kwa wajukuu wanaoishi leo Bujumbura, katika mitaa kama Kinanira, kumtafuta ndugu wa babu aliyepotelea huko ni kazi nzito, kwa sababu mara nyingi alizaliwa kabla ya serikali kuandikisha vizazi vya wanakijiji.

Kikwazo cha kwanza ni jina. Kwa desturi ya Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba, hata ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa. Tena aliyeamua kukaa Buganda aghalabu alijipa jina la Kiganda, na pengine alijinasibisha na ukoo wa huko ili apokewe kama mwenyeji. Kwa hiyo anayeanza na jina ameshika dokezo lililo dhaifu kuliko yote. Vinavyodumu zaidi ni kilima alikotoka, kwa kuwa nchini Burundi kilima ndicho kijiji, pamoja na ukoo, jina la mama na majina ya ndugu waliobaki nyumbani.

Hapo ndipo daftari za ubatizo zinapofaa. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki walioanzisha misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, waliandika jina la mbatizwa, wazazi wake na msimamizi wake. Lililo muhimu zaidi, na ambalo watafutaji wengi hulipita bila kuliona, limo pambizoni mwa ukurasa: tangu 1908 sheria ya Kanisa inamtaka paroko anayefungisha ndoa aiarifu parokia alikobatizwa mwanandoa, ili ndoa hiyo iandikwe kando ya ubatizo. Mrundi aliyeoa Uganda anaweza basi kuonekana katika daftari la kwao, ikiwa alibatizwa kabla ya kuondoka na ikiwa paroko wa ugenini alitimiza wajibu wake, jambo ambalo halikuwa la hakika kila mahali.

Waairishi nao wanaijua vizuri shida hii ya kukosa kumbukumbu. Jengo la kumbukumbu la Four Courts mjini Dublin lilipoungua Juni 1922, karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 ziliteketea, na wazao wa wahamiaji wakageukia orodha ya wakaaji wa ardhi iliyotengenezwa kwa ajili ya kodi kati ya 1847 na 1864. Nyaraka za kikoloni za Burundi zilizo Brussels haziwezi kulinganishwa na orodha hiyo, kwani ni nadra kumtaja mkulima wa kawaida kwa jina.

Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 kwenda Tanzania, katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, waliandikishwa kama wakimbizi, hivyo njia yao ni fupi zaidi. Kwa wale wa Buganda, wazee wa kilimani waulizwe kwanza, majibu yao yaandikwe, kisha ndipo paroko aombwe kufungua daftari.