Tundu Lissu na Singida Mashariki: Kiti kilichopatikana kwa kura, kikaondoka kwa barua

Ukitoka Dodoma kwenda Singida mjini unapita Ikungi. Ni wilaya ya wakulima wa alizeti, uwele na mtama. Jimbo lake la Singida Mashariki halikuwa kubwa wala tajiri, lakini kwa miaka kama tisa lilitajwa Bungeni kuliko majimbo mengi ya miji mikubwa. Sababu ni mtu mmoja: Tundu Antiphas Lissu.

Lissu alishinda ubunge mara mbili kwa kura za wananchi. Alipoupoteza mwaka 2019, hakuna mpiga kura hata mmoja aliyeulizwa. Na aliyemrithi naye aliingia Bungeni bila kura kupigwa.

Ilikuwaje? Na sheria inasemaje kuhusu mbunge kupoteza kiti? Twende hatua kwa hatua.

Ni nani huyu?

Lissu alizaliwa Januari 20, 1968 katika kijiji cha Mahambe, Ikungi. Alisoma Ilboru, Arusha, kisha Galanos, Tanga. Sheria aliisomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza.

Kabla ya siasa za Bunge alijulikana kama wakili wa mazingira. Akiwa na chama cha wanasheria wa mazingira, LEAT, alifuatilia madai ya wachimbaji wadogo waliohamishwa eneo la Bulyanhulu kupisha mgodi mkubwa wa dhahabu. Huko ndiko alikozoea kubishana na serikali akiwa ameshika vifungu vya sheria mkononi.

2010: Anaingia Bungeni

Oktoba 2010 aligombea Singida Mashariki kwa tiketi ya CHADEMA na kushinda. Kwa mkoa kama Singida, ambao kwa miaka yote ulihesabika kuwa wa CCM, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Ushindi huo haukupita kimyakimya. Wanachama wawili wa CCM walikwenda Mahakama Kuu kupinga matokeo. Kesi ilisikilizwa Singida, na mwaka 2012 mahakama ikaitupa. Lissu akabaki na kiti chake.

Kumbuka hatua hii, maana tutairudia: mwaka 2012 swali la nani mbunge halali lilijibiwa na jaji, baada ya mashahidi kusikilizwa pande zote mbili.

Bungeni alipewa kazi ya Mnadhimu wa Kambi ya Upinzani. Mnadhimu ndiye anayewapanga wabunge wa upande wake: nani azungumze, nani awepo, msimamo ni upi. Pia alikuwa mwanasheria mkuu wa chama chake. Wakati wa mjadala wa Katiba Mpya mwaka 2014 alikuwa miongoni mwa sauti kali za upinzani katika Bunge Maalumu, hasa kuhusu suala la Muungano.

2015: Anarudi

Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulikuwa mgumu. CCM ilijipanga kulirudisha jimbo. Majimbo mengine yote ya mkoa wa Singida yalikwenda CCM. Singida Mashariki ikabaki kwa Lissu.

Huo ukawa mwanzo wa kipindi cha Rais John Magufuli, na Lissu akawa mmoja wa wakosoaji wake wakubwa. Alikamatwa na polisi mara kadhaa na kufunguliwa kesi za uchochezi. Machi 2017 mawakili wenzake walimchagua kuwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS. Agosti mwaka huohuo aliwaambia waandishi wa habari kwamba ndege mpya ya serikali aina ya Bombardier ilikuwa imezuiwa Canada kwa sababu ya deni.

Septemba 7, 2017: Risasi Dodoma

Mchana wa siku hiyo Lissu alitoka kwenye kikao cha Bunge kwenda nyumbani kwake Dodoma kupumzika. Watu wenye silaha waliifyatulia risasi gari yake akiwa ndani. Risasi 16 zilimpata.

Alipewa huduma ya kwanza katika hospitali ya mkoa Dodoma, na usiku huohuo akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Januari 2018 alihamishiwa Ubelgiji, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Leuven, akaendelea kufanyiwa upasuaji mmoja baada ya mwingine. Miaka ilipita bila mtu yeyote kufikishwa mahakamani kwa shambulio hilo.

Wakati wote huo alikuwa bado mbunge. Kiti chake Bungeni kilikuwa kitupu, lakini kisheria kilikuwa na mwenyewe.

Juni 28, 2019: Spika anatangaza

Siku ya kuhitimisha Bunge la bajeti, Spika Job Ndugai alitangaza kwamba Lissu amepoteza ubunge. Alisema ameiandikia Tume ya Taifa ya Uchaguzi kuijulisha kwamba jimbo liko wazi.

Sababu zilikuwa mbili:

- Kutohudhuria mikutano ya Bunge bila ruhusa ya Spika.
- Kutowasilisha tamko la mali na madeni linalotakiwa kwa viongozi wa umma.

Zote mbili zimo kwenye Katiba, ibara ya 71. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tufafanue.

"Mikutano mitatu" maana yake nini?

Katiba inasema mbunge akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, anakoma kuwa mbunge. Watu husikia "mikutano mitatu" wakadhani ni siku tatu. Sivyo.

Kikao ni siku moja ya Bunge. Mkutano ni mfululizo wa vikao vinavyoweza kwenda wiki mbili, tatu, au miezi miwili na zaidi kama ule wa bajeti. Kwa kawaida kwa mwaka Bunge huwa na mikutano minne hivi. Kwa hiyo kukosa mitatu mfululizo ni kukosa sehemu kubwa ya mwaka.

Lengo la kifungu ni kuzuia mbunge kutelekeza kazi aliyotumwa. Hakuna anayebisha hapo. Ubishi uko kwenye yale maneno "bila ruhusa ya Spika".

Upande wa Spika ulisema Lissu hakuwasilisha taarifa rasmi ya alipo na hali yake, huku akionekana kwenye vyombo vya habari vya nje akifanya mahojiano na kuzunguka nchi mbalimbali.

Upande wa Lissu ulijibu kwamba dunia nzima ilijua aliko na kilichompeleka: alishambuliwa akitoka kazini Bungeni na alikuwa bado anatibiwa. Kuhusu tamko la mali, walihoji mgonjwa aliyelazwa nje ya nchi angejazaje fomu zile.

Julai 2019: Uchaguzi usio na kura

Tume ilipanga uchaguzi mdogo ufanyike Julai 31, 2019. Haukufanyika. CHADEMA haikusimamisha mgombea, na ilipofika siku ya kurudisha fomu, aliyebaki ni mmoja tu: Miraji Mtaturu wa CCM, aliyekuwa mkuu wa wilaya hiyohiyo ya Ikungi.

Kwa sheria ya uchaguzi ya wakati ule, mgombea akibaki peke yake anatangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Biashara imeisha. Masanduku ya kura hayakutoka hata stoo.

Mahakama ilisema nini?

Kaka yake Lissu, Alute Mughwai, ambaye naye ni wakili, alifungua maombi Mahakama Kuu kwa niaba yake. Aliomba ruhusa ya kupinga uamuzi wa Spika, na Mtaturu asiapishwe kwanza.

Mtaturu aliapishwa mwanzoni mwa Septemba 2019. Siku chache baadaye mahakama ikayatupa maombi. Kwa kifupi, jaji aliona kwamba kwa kuwa jimbo lilishapata mbunge mwingine, njia sahihi ilikuwa kesi ya kupinga uchaguzi. Kukubali maombi kungeleta hali ya jimbo moja kuwa na wabunge wawili.

Katiba, ibara ya 83, inasema suala la kama mbunge amekoma kuwa mbunge na kiti chake ni wazi husikilizwa kwanza na Mahakama Kuu. Lakini tazama kalenda: tangazo la Spika lilitoka mwisho wa Juni, mrithi akapatikana Julai, uamuzi wa mahakama ukaja Septemba. Mahakama ilipofungua mdomo, kiti kilishakaliwa.

Linganisha na kesi nyingine mbili

Singida hiyohiyo, jimbo jirani la Singida Kaskazini, liliwahi kubaki wazi kwa njia tofauti. Oktoba 2017 Lazaro Nyalandu, mbunge wa CCM tangu mwaka 2000 na waziri wa zamani wa Maliasili na Utalii, alijiuzulu mwenyewe na kuhamia CHADEMA. Hapo hakukuwa na mjadala wa sheria. Mbunge anayeacha chama kilichompeleka Bungeni anapoteza kiti, kwa sababu Tanzania haina mgombea binafsi. Januari 2018 uchaguzi mdogo ulifanyika na Justine Monko wa CCM akashinda.

Kesi ya pili ni ya wabunge 19 wa Viti Maalumu, Halima Mdee na wenzake. Waliapishwa Novemba 24, 2020. Siku tatu baadaye CHADEMA ikatangaza kuwafukuza uanachama, ikisema haikuwateua. Mei 2022 Baraza Kuu la chama likatupa rufaa zao. Ukisoma Katiba harakaharaka, mtu asiye na chama hana ubunge. Lakini kufikia hapo Spika alikuwa Tulia Ackson, naye hakutangaza viti kuwa wazi. Wakaenda mahakamani, na waliendelea kukaa Bungeni hadi kipindi kilipomalizika mwaka 2025.

Weka kesi hizi pembeni ya ya Lissu na jambo moja linaonekana. Katiba inataja sababu za mbunge kupoteza kiti, lakini anayewasha au kuzima taa ni Spika. Akiandika barua kwa Tume, saa inaanza kuhesabu. Asipoandika, mbunge anabaki.

Baada ya ubunge

Kupoteza jimbo hakukumaliza siasa za Lissu. Alirudi nchini Julai 27, 2020 na kugombea urais. Tume ilimtangaza wa pili kwa kura 1,933,271, sawa na asilimia 13, dhidi ya kura 12,516,252 za Magufuli. Lissu aliyakataa matokeo. Novemba mwaka huo akarudi Ubelgiji akisema maisha yake yako hatarini. Singida Mashariki nayo ilibaki kwa Mtaturu.

Januari 25, 2023 alirejea tena, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuondoa zuio la mikutano ya hadhara ya vyama. Januari 2025 alimshinda Freeman Mbowe kwenye uchaguzi wa mwenyekiti wa CHADEMA, kura 513 kwa 482. Aprili mwaka huo alikamatwa Mbinga, Ruvuma, baada ya mkutano wa kampeni ya chama ya kudai mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi, akashtakiwa kwa uhaini. Siku chache baadaye CHADEMA ikaelezwa haitashiriki Uchaguzi Mkuu kwa kutosaini kanuni za maadili.

Nini kimebadilika kwa mpiga kura?

Kitu kimoja kimebadilika kweli. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 inataka mgombea ubunge aliyebaki peke yake apigiwe kura za ndiyo na hapana. Kwa hiyo yaliyotokea Ikungi Julai 2019, mtu kuwa mbunge bila karatasi hata moja kutumbukizwa kwenye sanduku, hayatakiwi kujirudia kwa namna ileile.

Ambacho hakijabadilika ni ibara ya 71. "Ruhusa ya Spika" bado ni maneno matatu yasiyosema mgonjwa afanye nini, aandike barua siku ngapi, au nani amwakilishe akiwa hajitambui. Mbunge yeyote anayelazwa muda mrefu, awe wa chama tawala au upinzani, yuko chini ya maneno hayohayo.

Mambo matatu ya kukumbuka iwapo kiti cha mbunge wako kitatangazwa kuwa wazi:

- Uliza sababu imetoka ibara gani ya Katiba. Lazima iwepo.
- Anayetaka kupinga anapaswa kwenda Mahakama Kuu mapema, kabla mrithi hajapatikana. Kesi ya Lissu imeonyesha gharama ya kuchelewa.
- Mrithi akishatangazwa, kinachobaki ni kesi ya kupinga uchaguzi, na muda wake wa kufungua ni siku 30.

Jina Singida Mashariki lenyewe halipo tena kwenye orodha ya majimbo. Mwaka 2025 Tume ililibadilisha, na sasa ni Ikungi Mashariki.