Foleni ya hospitali: inatoka wapi, na tuipunguzeje?

Kila mkazi wa Kariakoo, Gerezani na Ilala anaijua foleni ya hospitali. Mama huamka alfajiri, humbeba mtoto mgongoni, na kabla ya saa moja asubuhi hukuta mabenchi yamejaa. Baba hufunga duka siku nzima kwa ajili ya dawa za shinikizo la damu. Wengi wetu husema watumishi hawatoshi. Ni kweli, lakini si sababu pekee.

Sababu ya kwanza ni kufika kwa pamoja. Tuchukue mfano wa daktari anayeona wagonjwa 10 kwa saa, yaani dakika 6 kwa kila mmoja. Wakifika wagonjwa 60 kabla hajaanza kazi saa mbili asubuhi, wa mwisho ataingia karibu saa nane mchana. Wakipangiwa kuja 10 kila saa, hakuna atakayesubiri zaidi ya saa moja. Daktari ni yule yule, na wagonjwa ni wale wale.

Sababu ya pili ni kukosa nafasi ya kupumua. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu huko Denmark, alichapisha hesabu zake kuhusu simu za mji wa Copenhagen, na elimu ya foleni ikaanzia hapo. Elimu hiyo yaonyesha kwamba daktari wetu akipata wagonjwa 8 kwa saa, wanaofika bila mpango na wenye shida mbalimbali, kila mmoja atasubiri wastani wa dakika 24. Wakiwa 9, watasubiri dakika 54. Ameongezeka mtu mmoja tu, lakini muda umezidi maradufu.

Sababu ya tatu ni wingi wa madirisha: kadi, daktari, malipo, maabara, daktari tena, kisha dawa. Maabara ikichelewa, kuongeza daktari hakusaidii. Watu huzidi kurundikana mlangoni pa maabara.

Je, tufanye nini? Hospitali inaweza kugawa namba, kupanga wagonjwa wa marudio kwa saa, na kuweka foleni moja kwa vyumba vyote vya madaktari, ili mgonjwa mmoja mwenye shida ndefu asiwakwamishe wote walio nyuma yake.

Nasi familia tuna sehemu yetu:

1. Tuanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Amana, Temeke na Mwananyamala ni hospitali za rufaa za mkoa, na Muhimbili ni hospitali ya taifa. Mafua ya siku mbili hayahitaji kupelekwa huko.

2. Twende na kadi ya kliniki na dawa tunazotumia. Muuguzi asipoteze muda kuzitafuta habari zetu.

3. Tukipewa tarehe ya kurudi, tuulize na saa.

4. Tusitoe "chai" ili tupite mbele. Chai haipunguzi foleni. Humbebesha jirani muda wetu wa kusubiri.

Mwisho, jambo lililo kubwa kuliko yote: wapo wasiopaswa kupanga foleni hata kidogo. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, au aliyelegea na haamki, asikalishwe kwenye benchi. Vivyo hivyo mama mjamzito anayetokwa na damu. Usiogope kuonekana huna adabu. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi ukamwambie. Nasi tulio mbele kwenye mstari tukiona mtoto wa namna hiyo, tumpishe bila kunung'unika, maana dakika 20 kwetu ni uchovu tu, bali kwake zaweza kuwa uhai.